Madaftari mawili yasiyokutana: barua ya wazi kuhusu vidonda vya upasuaji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mganga Mkuu wa Serikali,
na uongozi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 19 kazini, yote katika hospitali za wilaya, na zaidi ya nusu yake nimekaa chumba cha dresingi. Nawaandikia kuhusu watu waliopasuliwa salama, wakaruhusiwa wakitembea kwa miguu yao, kisha wakarudi kwangu.

Jumatatu moja asubuhi aliletwa binti wa miaka 22 kwa bodaboda. Alikuwa amekaa upande, kanga ameishikilia tumboni kwa mikono miwili. Mama mkwe alifuata kwa pikipiki ya pili, amempakata kichanga cha siku tisa. Harufu niliisikia kabla binti hajafika mlangoni. Nilipofungua kanga nikakuta pamba imegandia kidonda, na juu ya pamba unga wa njano. Mama mkwe alikuwa amefungua vidonge vya rangi mbili akamnyunyizia, kwa nia njema kabisa, kama alivyoona majirani wakifanya. Nikalowesha pamba kwa maji ya chumvi, nikasubiri ilegee, nikaibandua kidogo kidogo. Chini yake mshono ulikuwa umeachia kwa upana wa vidole vitatu, usaha ukashuka hadi pajani. Binti hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Sista, nimekosea wapi?"

Nilimwambia hajakosea. Nilipomaliza kumfunga nikaenda thieta kuomba daftari la upasuaji. Kwenye mstari wake kulikuwa na tarehe, jina, aina ya oparesheni, aina ya ganzi, na mwishoni: mama na mtoto hali nzuri. Siku ya tatu aliruhusiwa. Kwenye daftari langu mimi niliandika: dresingi, kidonda kichafu. Mwisho wa mwezi thieta ikajumlisha oparesheni zake, nami nikajumlisha dresingi zangu, taarifa zikapanda wilayani, kisha mkoani. Katika safari yote hiyo hakuna mahali mistari yake miwili inapokutana. Kwa hesabu zetu, binti yule alipasuliwa akapona. Kwa hali halisi, nilimsafisha kidonda kwa wiki nne ndipo akashonwa upya.

Ombi langu ni moja. Kila anayepasuliwa katika nchi hii afuatiliwe kwa siku 30 baada ya kisu, na hali ya kidonda chake iandikwe kwenye mstari ule ule ilipoandikwa oparesheni yake. Utafiti wetu wa upasuaji, na mafunzo ya wanaoshika kisu, vianzie kwenye mstari huo.

Siku 30 si kipimo changu. Ndicho kinachotumika duniani kwa maambukizi mengi ya vidonda vya upasuaji, kwa sababu kidonda hakiozi kwa ratiba ya kuruhusiwa wodini. Wenzetu wa hospitali ya KCMC, Moshi, walilionyesha hili tangu mwaka 2003. Waliwafuatilia wagonjwa 396 waliopasuliwa, na 77 wakapata maambukizi ya kidonda, karibu mmoja kati ya watano. Katika hao 77, wagonjwa 28 walioza wakiwa wamesharudi nyumbani. Mwaka 2011 Bugando, Mwanza, walichapisha hesabu yao: wagonjwa 65 kati ya 250, yaani asilimia 26. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba Afrika hadi asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda.

Naomba mzitazame hospitali hizo kwa jicho la heshima, kama ninavyozitazama mimi. Zilithubutu kuhesabu, na hesabu ikatoka chungu, zikaichapisha. Lakini hizo ni hospitali za rufaa zenye vyuo na maprofesa. Huku wilayani, ambako wanawake wengi wa nchi hii wanapasuliwa, nani anayehesabu?

Niliwahi kujaribu. Nilinunua kaunta buku, nikachora mistari: tarehe ya oparesheni, aina yake, mchana au usiku, siku kidonda kilipoanza kutoa maji, dawa alizopewa, lini kilifunga. Nililijaza kwa miezi mingi. Nikaanza kuona kitu: waliorudi na mishono iliyofumuka, wengi walikuwa wamepasuliwa usiku. Nikapeleka kaunta buku kwenye kikao cha asubuhi, nikidhani nimepata jibu.

Daktari mmoja mpole akaniuliza, "Waliopasuliwa usiku ule ule wakapona, wako wapi kwenye daftari lako?" Hawakuwemo. Waliopona hawarudi kwangu. Na je, usiku ndio uliowaumiza, au ni kwamba wanaopasuliwa usiku ni wale waliokaa na uchungu siku mbili kijijini, chupa imepasuka jana, wamefika wamechoka na tayari wana homa? Daftari langu halikuweza kutenganisha. Nilitoka kikaoni nimenyong'onyea, lakini siku hiyo ndipo nilipojua utafiti ni nini. Sikuwa nimekosa mashine. Nilikosa upande wa pili wa hesabu, na upande huo umo kwenye kitabu kilichofungiwa kabatini mwa thieta, mita 40 kutoka chumbani kwangu.

Lipo jambo ambalo lisipotangulia, daftari hilo halitajazwa kamwe. Hospitali zetu zina utamaduni wa barua ya kujieleza. Kidonda kikifumuka, anatafutwa aliyeshona, au muuguzi aliyechemsha vyombo, au mgonjwa mwenyewe anaambiwa hakuoga. Kila mmoja wetu amewahi kuona mwenzake akiandikiwa barua hiyo. Ukiniletea fomu mpya ya kuandika vidonda vilivyooza, huku kila mstari ukiweza kugeuka barua ya kujieleza ya mtu ninayekula naye chakula cha mchana, sitaijaza kwa ukweli, na hakuna atakayeijaza kwa ukweli. Kwa hiyo naomba waraka, wenye saini yenu, unaosema wazi kwamba taarifa za kidonda ndani ya siku 30 ni za kujifunzia na haziwezi kutumika katika shauri la nidhamu. Bila waraka huo tutapata takwimu safi na vidonda vichafu.

Waheshimiwa, msikubali kuambiwa kwamba utafiti wa namna hii ni wa nchi tajiri. Orodha ya usalama wa upasuaji, ile inayosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata ngozi na kabla ya mgonjwa kutoka thieta, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, moja Toronto, moja Seattle, na moja Ifakara. Ifakara yetu, ng'ambo ya Kilombero ukitokea Mahenge. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, katika hospitali hizo nane kwa pamoja vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Dunia nzima inasoma karatasi ambayo wauguzi na madaktari wa Ifakara walisaidia kuipima.

Tazameni pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kila anayepanda bodaboda anajua mfupa wa ugoko ukivunjika na kutoboa ngozi maana yake nini. Kwa miaka mingi swali lilikuwa: mfupa huo ufungwe kwa vyuma vya nje, au uingizwe fimbo ya chuma ndani yake? Wapasuaji wa MOI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, hawakubishana kwa uzoefu wa kila mtu. Waliwagawa wagonjwa 240 kwa kura, wakawafuatilia mwaka mzima. Katika maambukizi ya ndani na kurudiwa oparesheni, njia hizo mbili hazikutofautiana sana. Waliowekewa fimbo walikuwa na hali bora zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Jibu hilo lilitokana na miguu ya Watanzania iliyovunjikia barabara za Tanzania. Nami napenda sana sehemu moja ya habari hiyo: waliwapata wagonjwa baada ya mwaka. Kwa simu, kwa ndugu, kwa nauli. Kumbe wanapatikana.

Kwenye majaribio mengine makubwa hatukuwemo. Moja lilihusu kitu ambacho hata muuguzi wa mwaka wa kwanza anakielewa: kabla ya kufunga tumbo, timu nzima ivue glovu na kuvaa mpya, na vyombo vya kufungia viwe vingine visivyotumika. Hospitali 81 katika nchi saba, wagonjwa zaidi ya 13,000. Matokeo ya mwaka 2022: maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa 100, watatu hawakuoza kwa sababu ya glovu mpya na vyombo safi. Majirani zetu Rwanda walikuwa miongoni mwa nchi hizo saba. Sisi tumebaki na maswali yetu: je, hilo linawezekana katika hospitali yenye seti mbili tu za vyombo na wanawake wanne wanaosubiri? Tukibadili glovu tu, vyombo vikabaki vile vile, tutapata kiasi gani? Hayo hayawezi kujibiwa Birmingham, Uingereza, lilikoratibiwa jaribio hilo, wala Kigali. Yatajibiwa na sisi, na tungeweza kuyajibu kama daftari lingekuwepo.

Kenya, hospitali ya Thika, walipima jambo rahisi zaidi. Badala ya kumpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu siku nyingi baada ya oparesheni, walimpa dozi kabla ya kukata ngozi. Ndani ya wiki sita ilikuwa karibu kila mgonjwa anapata dozi hiyo kwa wakati, na sindano za baada ya upasuaji zikapungua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inasema hivyo hivyo: dozi itangulie kisu, na isiendelezwe baada ya oparesheni kwa ajili ya kinga tu. Katika wodi nilizopitia nimeona mara nyingi kinyume chake. Mama anachomwa siku tano, dozi ya kabla ya kisu hakuipata kwa sababu ilikuwa duka la dawa na ndugu alikuwa bado njiani.

Sasa niseme kuhusu mikono.

Aliyenifundisha kushona alikuwa daktari msaidizi (AMO), yaani tabibu aliyeongezewa mafunzo bila shahada ya udaktari, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Jumamosi alasiri alikuwa akituma kijana buchani kuleta mguu wa mbuzi wenye ngozi yake, tunaukalisha juu ya karatasi ya nailoni, tunakata na kushona hadi ngozi imekwisha. Kwa mafundo alikuwa na zoezi lake. Anaweka kikombe cha plastiki mezani, maji robo, anapitisha uzi kwenye mkono wa kikombe. Unatakiwa ufunge mafundo kumi kikombe kisisogee. Kikisogea, umevuta. "Ukivuta hivyo kwenye nyama," alikuwa akisema, "unainyonga. Ngozi inakuwa nyeupe, damu haipiti, na siku ya saba mwenzako wa dresingi anakutana na kazi yako." Nimekutana na kazi hiyo mara nyingi. Naijua ninapoiona: nyuzi zimezama kwenye ngozi kama kamba kwenye gunia la mkaa, na kila tundu linatoa jicho lake la usaha.

Madaktari wasaidizi wa namna yake walianza kufundishwa nchini mwaka 1963, na kwa miongo mingi ndio waliobeba upasuaji wa wilaya. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, akina mama waliopasuliwa nao hawakuwa na matokeo mabaya zaidi ya waliopasuliwa na madaktari wenye shahada. Hawa wazee wanastaafu. Anayekuja mahali pao ni daktari kijana, mwenye elimu kubwa kuliko wao, ambaye saa tisa usiku anaweza kujikuta peke yake na mama anayevuja damu, na mshono wake wa hamsini anaufanya bila mtu wa kumtazama mkono. Simlaumu hata kidogo. Nimesimama naye meza moja, nimeona jasho lake. Anahitaji mguu wa mbuzi, kikombe, na mtu mzima pembeni kabla hajakabidhiwa tumbo la mtu.

Chuo cha Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, kimethibitisha kwamba mpasuaji anaweza kufunzwa akiwa hospitalini kwake bila kupelekwa ng'ambo. Walipowatafuta wahitimu wake, zaidi ya asilimia 85 walikutwa bado wako katika nchi walizofundishiwa. Ni habari njema, lakini hesabu iliyochapishwa 2016 kwa nchi kumi za ukanda huu ilipata wapasuaji 1,690 kwa watu milioni 318. Daktari bingwa hatafika kila wilaya kesho. Anayefika ni yule kijana, na yuko tayari kujifunza.

Ndiyo maana naomba kila hospitali ya wilaya iwe na meza ya mazoezi ya kushona, chumba chochote chenye taa nzuri, vyombo vichakavu vilivyotolewa thieta, nyuzi zilizopita muda wake. Na naomba meza hiyo iunganishwe na daftari la siku 30. Daktari anaposhona tumbo leo, mwezi ujao akae na mimi nusu saa aone vidonda vyake mwenyewe, vilivyofunga na visivyofunga. Hakuna semina ya hotelini inayoweza kufundisha hivyo. Madaktari Bingwa wa Rais Samia wanapokuja kwa kambi ya siku chache, watu wanapona, nasi tunajifunza kwa kuwatazama. Wagonjwa wao nao waingie kwenye daftari hilo, na bingwa apigiwe simu siku ya 30 aambiwe kidonda kilivyokwenda. Nina hakika wengi wangependa kujua.

Nani atamfuata mgonjwa nyumbani? Kwa jirani zetu, hospitali ya wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, wahudumu wa afya wa jamii waliwatembelea mama zao baada ya upasuaji, wakauliza maswali machache na kupiga picha ya kidonda kwa simu. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mpango jumuishi wao ulizinduliwa Januari 2024. Waongezewe kazi moja: siku ya saba na siku ya 30, mlango kwa mlango kwa kila aliyepasuliwa. Je, kuna homa? Je, panatoka maji au harufu? Je, umepaka nini? Wangeuona unga ule wa njano siku ya saba, si ya tisa. Lakini walipwe kwa kazi hiyo, na mama aombwe ridhaa kabla ya picha yoyote, kwa sababu tumbo lake si mali ya mradi.

Kwa NIMR nina neno la pekee. Miaka iliyopita timu ya watafiti ilikuja katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi. Walikuwa watu wazuri. Kwa miezi kadhaa nilichukua sampuli za usaha kwa vijiti vyao, nikaandika namba, nikaweka kwenye boksi la barafu. Sikuwahi kujua vijidudu gani vilikutwa wala dawa gani zilishindwa. Niliendelea kuwafunga wagonjwa wale wale kwa mazoea yale yale. Nimefanya kazi mahali tulipotumia asali kwenye vidonda vikubwa, nikahamia mahali ilipokatazwa na badala yake tukatumia iodini, kisha mahali pengine wakapendelea maji ya chumvi peke yake. Kila mahali niliambiwa hii ndiyo njia. Naomba iwe sharti la kibali: utafiti wowote uliogusa chumba cha dresingi, matokeo yake yarudi chumbani humo, kwa Kiswahili, karatasi moja, ndani ya mwaka mmoja. Na swali lingine linalotoka kwa muuguzi lipate mahali pa kupelekwa, na mtu wa takwimu wa kumsaidia kulipima, ili asirudi kikaoni na daftari lenye upande mmoja kama mimi.

Mpango wa kwanza wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliandikwa kwa miaka 2018 hadi 2025. Muda wake umefika. Kwenye mpango unaoufuata naomba chumba cha dresingi kitajwe kwa jina, na siku 30 ziandikwe humo kama kiashiria kinachopimwa kila robo mwaka. Gharama ya kuanzia ni safu moja ya ziada kwenye kitabu cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, muda wa maongezi wa simu, na muuguzi mmoja aliyepangiwa saa za kazi hiyo badala ya kuifanya akiwa amechoka.

Binti niliyemtaja ana mimba ya pili sasa. Wiki iliyopita alikuja kliniki, akapita chumbani kunisalimia, mtoto wa kwanza amemshika mkono. Niliomba kuiona kadi yake. Kwenye historia pameandikwa: upasuaji, 1. Nilichukua kalamu nikaongeza: kidonda kilioza siku ya tisa, mshono ulifumuka, kikashonwa upya baada ya wiki nne. Kadi haina nafasi ya maneno hayo, nikayaandika pembeni, kwa herufi ndogo, nikamwambia ahakikishe atakayempasua safari hii ameyasoma.

Wenu mtiifu katika kazi,

Muuguzi, chumba cha dresingi, hospitali ya wilaya